Namna ya Kuondoa Ukungu kwenye Usukani wa Mbao

Usukani wa mbao ulioingia ukungu, yaani weupe unaofifisha mng'ao wake, mara nyingi hauna kasoro katika mbao yenyewe. Kilichochakaa ni utando wa vanishi ulio juu yake, ambao kila siku hupigwa na jua linalopenya kioo cha mbele, huku ukipokea jasho la viganja, losheni, mafuta ya kujikinga na jua na vitakasa mikono vyenye alkoholi. Kwa hiyo, kabla ya kushika msasa, ni lazima ujue kwanza ukungu huo umekaa juu ya vanishi, ndani yake au chini yake, kwa sababu kila hali ina tiba yake, na tiba ya moja huiharibu nyingine.

Kipimo chake ni rahisi. Safisha sehemu ndogo kwa kitambaa chenye maji na sabuni kidogo, iache ikauke, kisha ipake maji kwa ncha ya kidole huku ukiimulika kwa tochi kutoka ubavuni. Weupe ukitoweka wakati sehemu hiyo ina maji na kurudi inapokauka, basi shida ni mikwaruzo midogo ya juu, ambayo maji huijaza kwa muda. Weupe ukibaki vilevile, umeingia ndani zaidi: ama unyevu umepenya kwenye ufa, ama vanishi imeachana na mbao. Pitisha ukucha polepole kuuzunguka usukani. Ukikwama kwenye nyufa, au ukisikia kiraka kinabonyea, usipoteze polishi yako, kwani hakuna polishi inayogandisha upya vanishi iliyobanduka.

Hakikisha pia kwamba kilicho mbele yako ni mbao kweli. Misukani mingi ina plastiki iliyochapwa picha ya mbao na kufunikwa kwa utando mwembamba unaong'aa. Ukiona mstari au jicho lilelile la mti likijirudia mahali pawili, chukulia kwamba ni picha; hiyo isafishwe na kupakwa polishi laini tu, bila msasa.

Kuondoa ukungu wa juu hakuhitaji usukani ung'olewe, nami nashauri usiung'oe bila sababu. Ukilazimika, fuata kitabu cha gari husika: chomoa waya wa hasi wa betri na usubiri muda uliotajwa humo, kwa kuwa mfumo wa mfuko wa hewa (airbag) hubaki na umeme uliohifadhiwa hata baada ya betri kuchomolewa. Usiguse nyaya zake kwa mita ya umeme, na mfuko wenyewe uulaze upande wa kifuniko ukiangalia juu. Weka alama kwenye mhimili na kwenye kitovu cha usukani, ili usije ukaurudisha ukiwa umepinda.

Kwa ukungu wa juu, funika ngozi, vitufe na viungo vyote kwa tepu ya karatasi. Osha mbao kwa maji ya sabuni, kausha, kisha ifute kwa kitambaa kilicholowa tapentaini kidogo ili kuondoa nta na silikoni. Jaribu polishi peke yake kwanza; mara nyingi watu hukimbilia msasa pasipo haja. Isipotosha, chukua msasa wa maji namba 2000, uloweke kwenye maji yenye tone la sabuni, uzungushie sifongo laini, kisha usugue kwa mkono mwepesi ukifuata mviringo wa usukani. Sehemu ya kuangalia kwa makini zaidi ni upande wa nyuma, penye mabonde ya vidole: vanishi huwa nyembamba kwenye migongo iliyo kati ya mabonde hayo, na hapo ndipo watu huitoboa. Tazama tope linalotoka. Likiwa jeupe, unasugua vanishi. Likianza kuwa la kahawia, umefika kwenye rangi ya mbao, nawe acha papo hapo. Sehemu yote ikishakuwa na ufifi wa aina moja, hamia namba 3000, futa, kisha paka polishi ya kukata mikwaruzo inayotumika kwenye rangi ya gari, na baada yake polishi laini ya kumalizia. Ukitumia mashine, iwe ya kasi ndogo na usikae mahali pamoja, kwani joto hulainisha vanishi na kuleta ukungu mpya.

Ukungu ukiwa umeingia ndani au chini ya vanishi, hakuna njia ya mkato: vanishi yote lazima itoke. Mbao inayoonekana huenda ikawa vinia, yaani ganda la mbao nyembamba kuliko milimita moja, iliyogandishwa juu ya kiini kingine, hivyo lainisha vanishi kwa joto la wastani, ikwangue kwa kisu butu, na usiwe na haraka ya kutumia msasa mkavu. Anza na namba 240, maliza na 320 au 400, ukifuata mwelekeo wa nyuzi za mbao, na uvae barakoa ya vumbi. Acha mbao ikauke kabisa kabla ya kupaka chochote; unyevu ukifungiwa ndani, weupe utarudi.

Vanishi ya kuchagua ni ile ya matumizi ya nje yenye kinga dhidi ya miale ya jua. Tabaka la kwanza lichanganywe na tapentaini ili lipenye, na yanayofuata yawe membamba, kila moja likikauka na kukwaruzwa kidogo kwa namba 400 kabla ya jingine. Vanishi ya sehemu mbili yenye kigumishi cha kemikali iitwayo isosaianeti ni ngumu zaidi, lakini mvuke wake hudhuru mapafu, na kazi hiyo iachiwe fundi wa rangi mwenye vifaa vya kupumulia. Vitambaa vilivyolowa vanishi ya mafuta vitandazwe nje vikauke, kwa sababu vikirundikwa huweza kuwaka vyenyewe.

Vanishi iliyokauka kwa kuguswa bado haijakomaa. Iache siku kadhaa, au zaidi ikiwa bado inanuka, kabla ya kuendesha gari. Jasho la viganja kwenye vanishi changa huacha alama za vidole zisizofutika. Baada ya hapo, usafi wake ni kitambaa chenye unyevu tu. Usipake nta nyingi wala dawa za silikoni za kung'arishia dashibodi, kwani hufanya usukani uteleze mkononi, na ukitaka kuupaka vanishi tena siku nyingine, silikoni hiyo itaisukuma na kuacha vishimo.