Somo: Jinsi figo inavyodhibiti kasi ya kuchuja damu

Figo mbili za mtu mzima mwenye afya huchuja kama mililita 125 za majimaji ya damu kwa dakika, yaani lita 180 kwa siku. Mkojo ni lita moja na nusu hivi. Zilizobaki hurudi kwenye damu. Shika kalamu tuchore.

Hatua ya 1. Chora glomerulasi, kifundo cha kapilari (mishipa myembamba sana ya damu) ambamo damu huchujwa. Upande mmoja weka mshipa wa kuingiza damu, upande wa pili wa kuitoa. Yote miwili ni ateri ndogo zenye misuli, kwa hiyo yote miwili inaweza kubana. Ukilielewa hili, somo umelimaliza nusu.

Hatua ya 2. Bana wa kuingiza: presha ndani ya kifundo inashuka, uchujaji unapungua. Bana wa kutoa kiasi: damu inarundikana, uchujaji unaongezeka. Presha ya kifundo ni kama milimita 55 za zebaki, lakini protini za damu na maji yaliyokwisha chujwa hupinga kwa 45 hivi. Inabaki 10 tu! Ndiyo maana kubana kidogo huleta tofauti kubwa.

Hatua ya 3. Presha ya mwili ikipanda, mshipa wa kuingiza hutanuliwa na presha hiyo, na misuli yake hujibu kwa kujibana yenyewe papo hapo, ili uchujaji usipande.

Hatua ya 4. Hapa wengi hukwama. Mrija wa nefroni (kichujio kimoja kidogo cha figo, yaani glomerulasi na mrija wake) hujikunja ukarudi kugusa glomerulasi yake mwenyewe, na hapo seli za ukuta wa mrija ziitwazo makula densa huonja chumvi inayopita. Ikizidi, maana yake uchujaji umekwenda mbio. Hapo kemikali iitwayo adenosini hubana mshipa wa kuingiza. Chumvi ikipungua, mshipa huo hulegea, figo hutoa kimeng'enya kiitwacho renini, ambacho huanzisha utengenezaji wa homoni ya angiotensini II, nayo hubana wa kutoa.

MASWALI

— Mwalimu, kwa nini mtu anayeharisha sana hukatazwa diklofenaki, dawa ya maumivu?

Akiishiwa maji, prostaglandini, kemikali za mwili wenyewe, ndizo zinazouweka wazi mshipa wa kuingiza. Diklofenaki huzizuia, na figo inaweza kufeli ghafla.

— Enalaprili, dawa ya presha inayozuia angiotensini II isitengenezwe, inalegeza mshipa wa kutoa. Si itaua figo?

Kreatinini, taka ya damu inayoonyesha figo zinavyochuja, huweza kupanda kidogo mwanzoni, ndiyo maana hupimwa. Lakini kwa mwenye kisukari anayevujisha protini, kupunguza presha ya kifundo kunailinda figo. Asiache dawa bila daktari.

— Nikinywa maji mengi, zitachuja zaidi?

Kidogo sana. Kinachobadilika hasa ni maji yanayorudishwa kwenye damu baada ya kuchujwa.