SOMO: Safisha feni ya betri ya haibridi kabla hujaambiwa betri imekufa

Wakuu, swali hili limechakaa: "Feni inavuma kiti cha nyuma, gari zito, ninunue betri?" Subiri kwanza. Betri kubwa ya Prius (gari la haibridi la Toyota, yaani lenye injini ya mafuta na mota ya umeme) na jamaa zake hupozwa kwa hewa ya ndani ya gari, inayovutwa na feni kupitia tundu la kando ya kiti cha nyuma. Vumbi likiziba, betri hupata joto, kompyuta huipunguzia kazi, na mzigo unaiangukia injini.

1. Zima gari mpaka taa ya READY (ya kuonyesha gari liko tayari kwenda) izimike. Injini kunyamaza siyo kuzima.

2. Fungua buti, liache wazi (linafunguliwa kwa umeme), kisha chomoa waya hasi wa betri ndogo ya volti 12.

3. Hii isome mara mbili. Prius ya kizazi cha pili na cha tatu ina volti 201.6, zinaua. Vaa glavu za fundi umeme, chomoa plagi ya usalama (inayokata umeme wa betri kubwa), itie mfukoni asije mtu akairudisha, subiri dakika 10 kapasita (vihifadhi umeme) za inveta, kifaa kinachobadili umeme wa betri kwa ajili ya mota, ziishiwe umeme. Nyaya za rangi ya chungwa usiziguse. Hata plagi ikitoka, ndani ya boksi la betri umeme bado upo, kwa hiyo boksi halifunguliwi. Wakati wa kurudisha, mkono wa plagi lazima ujifunge hadi mwisho. Ukibaki nusu, READY haiwaki.

4. Toa feni, isafishe kwa brashi laini. Usipulize kompresa feni ikiwa bado mahali pake, utasukumia vumbi kwenye betri.

5. Rudisha vyote.

MASWALI

– Mkuu, hatua ya 3 naweza kuiruka? Nina haraka.
Mpelekee fundi.

– Nimwagie maji kidogo?
Nimeandika brashi.

– Kwa nini betri ndogo ikifa gari haliwaki, na kubwa imejaa?
Swali zuri. Gari likizimwa, relei (swichi za umeme) hutenga betri kubwa na gari zima. Kompyuta inayoziunganisha relei hizo hutumia volti 12 za betri ndogo. Zikishaunganishwa, mota ya betri kubwa ndiyo inayozungusha injini, kwa hiyo kusukuma gari ni kujichosha.

– Na breki zangu mbona haziishi?
Mota hugeuka jenereta unapopunguza mwendo, pedi zinafanya kazi kidogo. Lakini pini za kalipa (kifaa kinachobana pedi) hukwama kwa kukaa bure. Zipake grisi yake.