Jinsi ya kuandika stori ya mtoto aliyelelewa na wanyama bila kuiharibu

Wengi tunakosea palepale, mtoto anatolewa msituni Jumatatu, ikifika Ijumaa anaongea kama mwalimu mkuu. Haiko hivyo jamani. Mtoto akipoteza ile miaka ya mwanzo bila kusikia watu wakiongea, lugha inamjia kwa taabu sana na inaweza isije kabisa, kwa hiyo maneno weka pembeni, anza na mwili.

Chagua mnyama mmoja na ufuate sheria zake. Tuseme ni mbwa, basi kumkodolea macho ni kutafuta ugomvi na kuonyesha meno ni tishio, sasa mama mlezi anakuja na tabasamu lake lote, meno nje, mtoto anamngurumia, na mama wa watu anaenda kulia jikoni hajui kakosea nini. Hapo tayari una stori, na hakuna mbaya yeyote.

Masikio nayo usiyasahau. Kuna Victor, yule wa Aveyron kule Ufaransa aliyepatikana mwaka 1800 (huyu hakuna ushahidi kwamba alilelewa na mnyama, aliishi tu porini peke yake). Daktari wake, Itard, aliandika kwamba bastola ikilia karibu yake hashtuki, ila kokwa anayoipenda ikipasuliwa anageuka fasta. Yaani alisikia kinachohusu tumbo. Mpe wako kitu kama hicho.

Nguo, kitanda, kijiko, hayo yapitie haraka, kila mtu keshayaandika.

Halafu mpe mtu mmoja mvumilivu, siyo kijiji kizima. Victor alitunzwa na Madame Guérin mpaka akafa mwaka 1828. Mumewe huyu mama alipofariki, Victor aliandaa meza kama kawaida na kuweka sahani ya marehemu, mama akaangua kilio, kijana akaitoa taratibu akairudisha kabatini na hakuiweka tena. Neno hata moja hakusema! Mimi kipande hicho nakirudia kila nikikwama.

Mwishoni usimrudishe msituni na usimvishe suti. Usiku mbwa wakibweka mbali, mwache asimame dirishani, na usituambie anawaza nini.