Namna ya Kufunga Sailensa ya Ndege ya Mfano Isilegee Angani

Anayerusha ndege za mfano hapa Mombasa ataifahamu dalili hii: ndege ikishatua, huonekana mstari mweusi wa mafuta uliochirizika kutoka kwenye kiungo cha sailensa na injini hadi ubavuni. Mstari huo unaonyesha kwamba boliti zimeanza kulegea, na haufai kufutwa tu kwa kitambaa. Niliupuuza mara moja kule Shanzu; sailensa ilidondoka vichakani, na kwa kuwa mpira unaopeleka presha kwenye tangi ulichomoka nayo, injini ilikosa mafuta na kuzimika ndege ikiwa bado juu.

Boliti hulegea hasa kwa sababu ya joto. Sailensa ni ya alumini ilhali boliti ni za chuma, na alumini ikipata moto hutanuka takriban mara mbili ya chuma. Kwa hiyo kichwa cha boliti huiminya alumini iliyo chini yake, na injini inapopoa, mkazo wa awali huwa umepungua. Mtetemo wa injini inayozunguka zaidi ya mara 10,000 kwa dakika humalizia kazi hiyo.

Fungua sailensa, kisha osha nyuso zote mbili za kiungo kwa spiriti mpaka kitambaa kitoke cheupe, kwa maana silikoni haishiki penye mafuta. Tandaza msasa laini juu ya kioo, uisugue sailensa juu yake polepole mpaka uso wote ung'ae sawasawa. Doa jeusi likibaki, hapo ni bonde ambalo moshi utapitia. Wengi huiruka hatua hii, nami naiona kuwa muhimu kuliko gundi yoyote. Baadaye paka utando mwembamba wa silikoni inayostahimili joto, ile ya gasketi za magari, funga sailensa, na uiache mpaka siku ya pili.

Boliti zenye kichwa cha tundu la pembe sita hukazika vizuri kuliko za bisibisi. Zikague mara kwa mara, kwani hewa yetu ya chumvi huzila, na uzibadilishe mara tu kutu inapoanza. Zikaze kwa zamu, kidogo kidogo. Washa injini kwa dakika 3, izime, kisha zikaze tena zikiwa bado na moto, ukiushika ufunguo kwa vidole karibu na boliti, kwa sababu thredi (mikato ya ndani inayoshika boliti) za alumini yenye moto hufa upesi. Rudia baada ya kila mruko wa siku ya kwanza, bila kuisahau nati ya nyuma ya sailensa. Gundi ya thredi, ile ya kuzuia boliti zisilegee, usiipake mpaka boliti zitulie, kwani kukaza tena huivunja. Na iwe ya kuhimili joto kali, maana ile ya kawaida hulainika kwenye nyuzi 150 hivi.

Mstari mweusi ukirudi baada ya yote hayo, vua propela uipime mizani: bawa moja likiwa zito kuliko jingine, mtetemo wake utailegeza sailensa kila siku.