SOMO: Kupima RAM ya kompyuta ya zamani kabla hujaihukumu

Wakuu, kompyuta ikianza kuganda ovyo, kuleta skrini ya bluu iliyoandikwa MEMORY_MANAGEMENT, au kugoma kumaliza kupiga Windows (yaani kuiingiza kwenye kompyuta) na kila mara inagomea mahali tofauti, shuku RAM, kile kibao cha kumbukumbu ya muda ambamo kompyuta hufanyia kazi. Kupiga Windows upya hakutaitibu. Tena RAM mbovu huharibu mafaili kimyakimya, kwa sababu kila unachofungua na kuhifadhi lazima kipite humo. Kama una vitu vya thamani, chomoa diski kwanza, uvikopi kwa kutumia mashine nyingine iliyo nzima.

Hatua ya 1: Usafi. Zima mashine, chomoa waya wa umeme, kisha bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde chache ili umeme uliobaki uishe. Gusa chuma kitupu cha kasha. Fungua vibanio, toa RAM ukiishika kingo tu. Meno yake (vile vipande vya chuma ukingoni) yakiwa yamefifia, yasugue taratibu kwa raba ya penseli, pangusa chengachenga zote, puliza vumbi kwenye sloti (tundu inamochomekwa), halafu irudishe mpaka vibanio vijifunge vyenyewe. Msidharau hatua hii. Kwenye mashine za zamani, tatizo huweza kuishia hapa hapa.

Hatua ya 2: Ingia BIOS (programu ya mipangilio inayoamka kabla ya Windows), rudisha mipangilio ya kiwandani. RAM nzima iliyolazimishwa kasi isiyoiweza nayo hutoa makosa.

Hatua ya 3: Kipimo. Shusha Memtest86+, ni ya bure. Iandike kwenye flashi isiyo na kitu unachokihitaji, maana itafutwa. Toleo la 6 na kuendelea linakubali BIOS ya zamani na UEFI (mrithi wake kwenye mashine mpya) pia. Mashine isiyobuti kwa flashi, choma CD. Ukiwasha, fungua menyu ya kubuti, ya kuchagua mashine iwakie wapi (nyingi ni F12, nyingine F8, F11 au Esc), chagua flashi au CD yako, kipimo kitaanza chenyewe. Macho yako yawe kwenye Pass na Errors. Pass moja ni mzunguko mmoja kamili, na haitoshi: iache usiku kucha, kwa kuwa kuna makosa yanayojitokeza mashine ikishapata moto. Errors inatakiwa iwe 0. Hata 1 ni ugonjwa.

Hatua ya 4: Nani mkosaji? Hapa ndipo RAM nzima nyingi zinapotupwa bure. Maandishi mekundu ya makosa kwenye Memtest86+ hayasemi RAM imekufa; yanasema kuna kasoro mahali fulani kati ya RAM, sloti na mazabodi (bodi kuu ya kompyuta). Bakisha RAM moja tu, pima. Ikitoa makosa, ihamishie sloti nyingine, pima tena. Makosa yakiifuata kila sloti, huku RAM nyingine ikipita salama kwenye sloti hizo hizo, basi mkosaji ni yeye. Makosa yakibaki kwenye sloti moja hata ukibadilisha RAM, mbovu ni sloti. Na RAM zote zikifeli kila mahali, kagua pawa saplai na mazabodi kabla hujanunua chochote.

MASWALI

*Mkuu, kile kipimo cha ndani ya Windows hakitoshi?*
Kipo tangu Vista: andika mdsched kwenye Start, na kikianza bonyeza F1 uchague Extended. Kikikuta kosa, kiamini. Kisipokuta, bado endesha Memtest86+.

*Nina RAM ya GB 4 lakini Windows inatumia 3.25 tu. Imekufa nusu?*
Hapana ndugu, hiyo kwa kawaida ni Windows ya biti 32. Vilevile grafiki ya kwenye mazabodi hujikatia sehemu yake.

*Yangu haionyeshi kitu, inapiga milio tu.*
Hapo Memtest haiwezi kuanza. Fanya hatua ya 1, kisha jaribu RAM moja moja kwenye kila sloti. Maana ya milio hutofautiana kwa kila BIOS, soma kitabu cha mazabodi yako.

*Zangu mbili kila moja ikiwa peke yake ni safi, zikiwa pamoja zinaleta makosa. Nitupe ipi?*
Usitupe hata moja. Huenda haziendani kwa kasi au volti. Shusha kasi ya RAM kwenye BIOS upime tena. Ikigoma, tafuta mbili zinazofanana. Ukinunua, angalia aina: DDR2 na DDR3 za kompyuta za mezani zote zina pini 240, ila pengo (ule mkato katikati ya meno) halikai mahali pamoja. Isipoingia, usiilazimishe.