Usichanganye Kiingereza cha Uingereza na cha Marekani ukiandika barua ya kazi

Wadogo zangu wa Mtwara na Lindi mnaoandika barua za kuomba kazi, hebu tuanze na hili la kuazima maana ndo linatuangusha wengi. Sisi tunasema niazime kalamu, tunasema nimeazima kalamu, neno lilelile, ila Kiingereza kimegawa, anayetoa ni "lend" na anayepokea ni "borrow", kwa hiyo unasema "lend me your pen" au "can I borrow your pen", ukisema "borrow me" umekosea. Mi huwa najiuliza kwanza kitu kinatoka mkononi mwa nani, basi.

Haya, tahajia. Shuleni tumefundishwa ya Uingereza: colour, centre, labour. Mmarekani anaandika color, center, labor, na aliyezieneza sana ni Noah Webster, kamusi yake kubwa ilitoka 1828. Zote sahihi, ila chagua moja uende nayo mpaka mwisho wa barua, na kwenye simu weka kibodi ya Kiingereza cha Uingereza, la sivyo inakubadilishia kimyakimya.

Tarehe ndo hatari zaidi jamani! Ukiandika 5/10 kwenye karatasi za korosho zinazopita bandari ya Mtwara, sisi tunasoma tarehe 5 Oktoba, Mmarekani anasoma Mei 10. Andika jina la mwezi kwa herufi.

Na "pants" kwa Mmarekani ni suruali, kwa Mwingereza ni chupi, we andika tu "trousers", kote wanaelewa.