Jinsi ya Kuchagua Kifaa cha Mtetemo kwa Mtoto au Mtu Mzima Kiziwi

Kifaa cha mtetemo hakikuzi sauti kama lifanyavyo shimesikio, yaani kifaa cha kusikilizia kinachovaliwa sikioni, bali huinasa kwa maikrofoni na kuigeuza kuwa mitetemo inayohisiwa kwenye ngozi. Humfaa hasa mtu aliyepoteza usikivu kwa kiwango kinachozidi desibeli 90 hivi, asiyenufaika na shimesikio lenye nguvu, na ambaye hawezi kupandikizwa kifaa cha usikivu kwa sababu ya gharama, au kwa kuwa hana mshipa wa kusikia, au kwa kuwa sehemu ya ndani ya sikio imegeuka mfupa baada ya homa ya uti wa mgongo. Kwa hiyo kipimo ndicho kitangulie. Kwa wakazi wa Mwanza, hospitali ya Bugando ni mahali pa kuanzia. Apimwe masikio yote mawili, nanyi mwombe nakala ya majibu. Mtoto mwenye mabaki ya usikivu ajaribishiwe shimesikio kwanza, kwani kuiruka hatua hiyo ni kumdhulumu.

Wauzaji hupenda kusifia nguvu ya mtetemo, jambo ambalo kwa maoni yangu lina uzito mdogo. La msingi ni kifaa kinamwezesha mvaaji kutofautisha nini. Ngozi huhisi vizuri zaidi mitetemo ya karibu hezi 250 (yaani mitetemo 250 kwa sekunde), na ikizidi hezi 1,000 huhisi kwa shida sana, ilhali sehemu kubwa ya sauti ya "s" iko juu ya hezi 4,000. Kifaa kisichoishusha sauti hiyo kitaipoteza yote. Chenye kitetemeshi kimoja huonyesha mapigo, urefu na ukubwa wa sauti. Chenye viwili au zaidi hutenga sauti nzito na nyembamba. Kifaa cha Marekani kiitwacho Tactaid 7 kilikuwa na vitetemeshi saba. Hata hivyo, vitetemeshi vikibanana mno ngozi huvihisi kama kimoja, hivyo wingi peke yake si sifa.

Fanyeni jaribio kwa Kiswahili chenu wenyewe. Mketishe mhusika mkitazamana, kisha tamka "baba", "papa" na "mama". Midomoni maneno hayo hufanana, lakini katika "papa" sauti hukatika kabla ya kila irabu, na katika "mama" hutiririka bila kukatika. Kifaa kizuri kitamsaidia kuyatenganisha baada ya mazoezi. Kisha ziba mdomo wako kwa karatasi, useme "sato" na "sangara", aonyeshe kwa vidole ni mapigo mawili au matatu. Malizia na "sisi" na "nini": hapo ndipo kitetemeshi cha sauti nyembamba hujulikana kama kipo kweli au ni jina tu.

Jaribio la chumba kimya halitoshi. Nendeni nacho soko la samaki la Mwaloni Kirumba asubuhi, au stendi ya daladala. Kikitetema mfululizo bila kupumzika, hakimwambii mvaaji lolote, naye atakivua. Ulizeni kama kina kidhibiti cha kupunguza kelele na kama kinaweza kurekebishwa kwa mkono. Mvuvi wa mtumbwi wa injini atambue pia kwamba mtikisiko wa injini hufunika mitetemo ya kifaa, na upepo wa ziwani hugonga maikrofoni.

Kwa mtoto anayetumia lugha ya alama, mimi hupendelea mkanda wa kifuani kuliko wa kifundo cha mkono, maana mikono ndiyo inayosema. Mkanda usibane hadi kufa ganzi wala usilegee. Ikiwa kifaa hutumia betri ndogo za duara, kifuniko chake kifungwe kwa skrubu, kwa sababu betri hizo zikimezwa huunguza koo. Lugha ya alama isisimamishwe kwa ajili ya kifaa.

Mtu mzima aliyepata uziwi baada ya kujua kusema huoanisha mtetemo na maneno anayoyakumbuka, lakini mtoto aliyezaliwa kiziwi huanza na jina lake, mlango unaobishwa na sauti yake mwenyewe, ambayo hujifunza kuipandisha na kuishusha. Kazi hiyo ni ya miezi mingi, kwa hiyo kubalianeni kwa maandishi kuhusu muda wa majaribio, mikanda ya akiba na fundi atakayekitengeneza. Anayeishi kisiwani Ukerewe aulize hasa hilo la fundi, pamoja na saa ambazo chaji hudumu, kabla ya kulipa.